SOMO LA TEATRI NA SINEMA: ROBERT BOLT, MWALIMU ALIYEANDIKA JUU YA KIAPO



Namba hii tunaacha kidogo mambo ya sarufi, tuzungumze juu ya mtu mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule kama mimi, halafu akawa mwandishi wa teatri, halafu tena mwandishi wa filme zilizotazamwa dunia nzima. Jina lake Robert Bolt, Mwingereza. Wale wa kikundi cha teatri wameniuliza mara nyingi: namna gani mtu anaanza kuandika mchezo? Tena wanalalamika kama hatuna mapazia, hatuna mataa ya kutosha, hatuna nguo za kuchezea. Maisha ya Bolt yana jibu kwa hayo yote mawili. Yana pia ulizo moja gumu ambalo mimi mwenyewe sijalimaliza, na nitaliweka mbele yenu pahali pake.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mchezo wa teatri ni maandiko ya kuchezwa mbele ya watu, na nguvu yake kubwa iko katika mazungumzo. Sinario ni maandiko ya filme. Mwandishi wa sinario anaandika yale ambayo jicho litaona: mtu anaingia, anavua kofia, anatazama dirishani, hasemi kitu. Mazungumzo yako, lakini yanachukua pahali padogo. Kazi hii ina uchungu wake. Mtu akitoka sinema anajua jina la mchezaji, pengine anajua hata jina la mwongozaji, lakini mwandishi hamjui. Ulizeni wenzenu kama ninasema uongo.

Bolt alizaliwa tarehe 15 Agosti 1924 katika mji wa Sale, karibu na Manchester. Baba yake alikuwa na duka dogo la vyombo vya nyumba, mama yake alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Walikuwa Wametodisti, watu wa kanisa na wa kazi. Kijana mwenyewe alipata pahali katika shule yenye sifa ya Manchester Grammar School, lakini hakung'aa hata kidogo. Alipotoka pale aliwekwa katika biro moja ya asiranse, kuandika namba kutwa nzima, kazi aliyoichukia. Mwaka wa 1943 aliingia iniversite ya Manchester, kisha vita ikamwita. Askari Bolt alitumikia Afrika ya Magharibi, kule Gold Coast, inchi ambayo tangu 1957 inaitwa Ghana. Nyuma ya vita alirudi Manchester akamaliza masomo ya historia mwaka wa 1949. Katika miaka ile ya ujana aliingia chama cha Wakomunisti, akakiacha baada ya muda. Mwaka wa 1950 alipata diplome ya ualimu huko Exeter.

Sasa wale wa kikundi cha teatri wasikilize vizuri. Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika shule ya kijiji, jimbo la Devon. Noeli ilikaribia, na shule ilihitaji mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu kwa ajili ya watoto. Mwalimu kijana aliombwa auandike. Alikubali kama vile sisi walimu tunavyokubali kazi ambayo hakuna mwingine anaitaka. Kumbe alipokuwa akiiandika aliona kama hiyo ndiyo kazi anayotaka kufanya siku zote za maisha yake. Alianzia pale, kwa watoto waliovaa mashuka kama wachungaji wa kondoo.

Tangu 1952 mpaka 1958 alifundisha Kiingereza katika shule ya Millfield, jimbo la Somerset. Mchana alikuwa darasani, saa zingine alikuwa akiandika michezo ya radio kwa BBC. Radio ni shule kali sana kwa mwandishi. Hakuna nguo, hakuna mapazia, hakuna uso. Kama maneno ni mabovu hakuna kitu cha kuyaficha. Mwaka wa 1957 mchezo wake Flowering Cherry ulichezwa London, na wachezaji wakubwa Ralph Richardson na Celia Johnson wakiwa ndani. Ni habari ya mtu anayefanya kazi katika biro ya asiranse, akisema kila siku kama ataacha kazi ile anunue shamba la matofaa. Bibi yake anapomfungulia njia, anashindwa kuipita. Mnaona: ile biro aliyoichukia ilimlipa mwishoni. Watu walijaa kwa miezi mingi, na mwaka wa 1958 Bolt akaaga ualimu.

Tunafika sasa kwenye mchezo ulioleta jina lake mpaka kwetu. Kwa Kiingereza unaitwa A Man for All Seasons, maana yake Mtu wa Majira Yote. Wanaosoma Kifaransa watafute filme yake kwa jina la Un homme pour l'éternité.

Habari yenyewe ni ya kweli. Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alitaka kuachana na malkia wake, Catherine wa Aragon, amwoe Anne Boleyn. Papa alikataa. Mfalme akajifanya mwenyewe mkubwa wa kanisa katika inchi yake. Kansela wake, Thomas More, avoka hodari na mtu wa elimu, hakuweza kukubali. Hakusimama sokoni kupiga kelele. Aliacha cheo chake tarehe 16 Mei 1532 akarudi nyumbani, akanyamaza. Mwaka wa 1534 ilitoka sheria ya kuapa: kila mtu atakayeitwa aape kama anakubali ndoa mpya na yote yanayoifuata. Karibu wakubwa wote waliapa. More alikataa, lakini hakusema sababu yake, maana alijua sheria: asiyesema neno hawezi kuuawa kwa neno. Alikaa gerezani zaidi ya mwaka mmoja. Walichukua vitabu vyake, walimtuma binti yake mpendwa amsihi. Mwishoni, mbele ya majuji, mtu mmoja jina lake Richard Rich alitoa ushuhuda wa uongo, akidai kama More alimwambia maneno ya kumkana mfalme. More akakatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535.

Huyu Rich tumtazame kidogo, sababu Bolt alimchora kwa mkono wa mwalimu. Mwanzoni mwa mchezo Rich ni kijana maskini anayemfuata More akitafuta cheo. More anampa nafasi ya kuwa mwalimu wa shule. Rich anaikataa: mwalimu nani anamjua? Anataka kazi ya karibu na wakubwa. Toka siku ile anauza kitu kimoja, halafu kingine, kila mara kwa bei ndogo, na kila mara tunamwona amevaa vizuri zaidi. Mwishoni anauza roho ya mtu ili apate cheo katika jimbo la Wales. Nilipousoma mchezo huu mara ya kwanza nilikuwa ninafikiri mwenyewe kuacha ualimu, na ukurasa ule ulinichoma. Sisemi zaidi.

Mwingine wa kutazama ni yule ambaye Bolt alimwita Mtu wa Kawaida. Mchezaji mmoja tu anakuwa mtumishi wa nyumba, mwenye mashua, mwenye hoteli ya pombe, mlinzi wa gereza, mkubwa wa wale wanaosaidia jiji kukata neno, na mwishoni ndiye mwenye shoka. Anakuja jukwaani na kikapu cha nguo. Anafungua kikapu mbele ya watu wote, anavaa kofia nyingine, tayari amekuwa mtu mwingine. Anasema na watazamaji kama vile rafiki. Hana chuki na More, tena anampenda, lakini anataka kuishi, na kila mara anachukua mshahara wake anaenda. Katika kipande cha hukumu, wale watu wa baraza wenyewe hawako: ni kofia zilizotundikwa kwenye fito. Hapa wandugu wa teatri walioniletea manunguniko ya mapazia wamepata jibu lao. Kikapu kimoja, kofia kumi, na fito za mwanzi ambazo ziko nyingi nyuma ya dortuari ya wavulana.

Lazima niseme pia jambo ambalo Bolt aliliacha nje. Huyu More alikuwa adui mkali wa Waprotestanti. Aliandika vitabu vizito kumpinga William Tyndale, aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza na ambaye aliuawa mwaka wa 1536 kule Vilvoorde, karibu na Bruxelles. Katika wakati More alipokuwa Kansela, watu sita walichomwa moto kwa ajili ya imani. Katika mchezo hatuoni moto wowote. Bolt mwenyewe alieleza katika maneno ya mwanzo ya kitabu kama yeye si Mkatoliki, wala hakujihesabu kuwa Mkristo wa kweli. Kilichomvuta ni kiapo: mtu anayeapa anatoa nafsi yake kuwa rehani, na More alikuwa mtu aliyejua mpaka wa nafsi yake uko wapi. Sisi tunaweza kuupenda mchezo na kuijua historia pamoja. Mwalimu wa historia amekubali kuzungumza nanyi juu ya Tyndale.

Angalieni vilevile miaka ya kazi hii. Mwaka wa 1954 ilikuwa mchezo wa radio. Mwaka wa 1957 ilionyeshwa kwenye televizyo. Tarehe 1 Julai 1960 ilipanda jukwaani London, katika teatri ya Globe, Paul Scofield akicheza More. Mwaka wa 1966 ikawa filme. Miaka kumi na miwili juu ya jambo moja! Na ninyi mnaniletea insha mliyoandika usiku mmoja, mnauliza mbona nimeirudisha na wino mwekundu.

Sasa lile ulizo gumu.

Katika miaka ile serikali ya Uingereza ilikuwa na bombe za atomiki, na watu wengi waliogopa vita ya kumaliza dunia. Mwaka wa 1960 mwanafilozofia Bertrand Russell na wenzake walianzisha Kamati ya Watu Mia Moja. Kamati hii ilikuwa inaita watu kukaa chini barabarani, bila fujo, mpaka polisi wawabebe. Bolt aliingia ndani yake. Mwezi wa Septemba 1961, mbele ya mkutano mkubwa wa London, wakubwa wa Kamati waliitwa mbele ya juji. Walitumia sheria ya zamani sana, ya mwaka wa 1361. Juji hakuwaomba mengi: watie mkono kwenye kartasi, waahidi kukaa kwa utulivu mwaka mmoja, warudi nyumbani. Walikataa. Russell, mzee wa miaka 89, alifungwa siku saba. Bolt alipewa mwezi mmoja, sawasawa na mwandishi mwingine wa teatri, Arnold Wesker.

Fikirini basi. Mtu aliyeandika juu ya More asiyetia mkono, sasa yuko gerezani kwa kuwa hakutia mkono. Tena wakati uleule mchezo wake ulikuwa unatayarishwa kufunguliwa New York. Kama habari ingekomea pale, ingekuwa nzuri mno, hata tungesema imetungwa.

Lakini mwaka ule Bolt alikuwa na kazi nyingine. Mwongozaji David Lean alikuwa akitengeneza filme ya Lawrence of Arabia, juu ya yule ofisa Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu katika vita ya 1914-1918. Kazi ya kupiga picha ilikuwa imeanza jangwani Jordan, na sinario ya sehemu ya pili haijaisha. Mwandishi akiwa kifungoni, filme nzima inasimama. Mwenye kusimamia feza, Sam Spiegel, alikwenda mwenyewe mpaka gerezani. Alimweleza Bolt hasara, alimweleza juu ya watu wengi wenye kungojea na mishahara yao. Bolt alikuwa amemaliza karibu nusu ya kifungo. Akatia mkono. Akatoka, akamaliza sinario.

Filme ilitoka mwaka wa 1962, ikapata Oscar saba. Bolt hakufurahia. Alijuta mpaka uzeeni kwa kutia mkono siku ile, na filme ilipokwisha hakuzungumza tena na Spiegel.

Nilipoeleza habari hii darasa la sita, darasa liligawanyika sawasawa. Wamoja walisema: wiki mbili zilibaki tu, angevumilia, angewezaje kuandika vile juu ya More halafu yeye mwenyewe aanguke? Wengine walisema: More alikuwa anatoa kichwa chake mwenyewe, lakini Bolt alikuwa anatoa mkate wa watu wengine, mafundi na wapishi wasiojua kitu juu ya bombe. Msichana mmoja aliuliza neno ambalo halikutoka kichwani mwangu mpaka leo: je, Mtu wa Kawaida, yule wa kikapu, Bolt alimjua namna gani vizuri hivyo? Mchezo ulikuwa umekwisha kuandikwa mbele ya gereza. Kwa hiyo alimjua mbele.

Kuna deni lingine kwenye filme ile. Mbele ya Bolt, sinario ilikuwa imeandikwa na Mwamerika Michael Wilson, mtu aliyefungiwa kazi katika sinema ya kwao kwa sababu ya siasa. Bolt aliandika mazungumzo upya, na filme ikatoka na jina la Bolt peke yake. Jina la Wilson lilirudishwa mwaka wa 1995, Wilson akiwa amekwisha kufa tangu 1978.

Turudi kwenye ufundi. Katika Lawrence kuna kipande ambacho kila anayetaka kuandika sinario akitazame. Watu wawili wako kwenye kisima jangwani. Mbali sana inaonekana nukta nyeusi, inatetemeka kwa joto. Inakuwa kubwa pole pole. Ni mtu juu ya ngamia. Muda mrefu hakuna anayesema kitu cha maana, halafu bunduki inalia na mmoja wa wawili anaanguka. Mtu wa teatri hawezi kufanya hivi. Jukwaa halina mbali.

Tena, alipogeuza A Man for All Seasons kuwa filme, Bolt alimtoa kabisa Mtu wa Kawaida! Yule aliyependwa na watazamaji wote wa teatri. Sababu yake inaeleweka: jukwaani, mchezaji akisema na watu walioketi, wanacheka naye. Kwenye filme, tunaona mto wa kweli, mashua ya kweli, mwenye mashua mwenye uso wake mwenyewe, na yule wa kikapu angekuwa kama mtu aliyepotea njia. Mwongozaji alikuwa Fred Zinnemann, na Scofield akacheza More tena. Mto Thames ulichukua kazi ya Mtu wa Kawaida: unabeba kila mtu, mwenye cheo na mwenye kuhukumiwa. Filme ilipata Oscar sita, moja ya Scofield na moja ya Bolt. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata nyingine kwa Doctor Zhivago, filme ya 1965 iliyotoka katika kitabu kinene cha Mrusi Boris Pasternak. Mwandishi mwenye kukata kitabu kama kile lazima awe na moyo mgumu, sababu kurasa nyingi nzuri zinabaki chini ya meza.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Aliandika mchezo juu ya malkia Elizabeth na Mary wa Scotland mwaka wa 1970, na mwingine juu ya Lenin na wenzake mwaka wa 1977. Aliandikia hata watoto mchezo wa kuchekesha. Filme yake ya Ryan's Daughter, ya 1970, ilipigwa vikali na waandishi wa magazeti. Alioa mara nne, na mara mbili alimwoa mwanamke yuleyule, mchezaji Sarah Miles.

Mwezi wa Aprili 1979 moyo wake ulishtuka, kisha damu ikamwumiza katika ubongo. Upande wa kuume ulilala, na ulimi ukawa mzito. Mtu aliyeishi kwa mazungumzo akapoteza maneno! Alijifunza kusema tena kama mtoto, taratibu, wala hayakurudi yote. Lakini hakuacha kuandika. Mwaka wa 1986 ilitoka The Mission, sinario yake, iliyoongozwa na Roland Joffé, ikapata zawadi ya kwanza kule Cannes. Ni habari ya mapadri Wajezuiti kati ya Waguarani, Amerika ya Kusini, karibu na 1750, wakati Hispania na Ureno walipogawana inchi na kuamuru vijiji vile viachwe. Padri mmoja anachukua silaha awatetee watu. Mwingine anakataa upanga, anatembea na watu wake kwenye risasi akiwa amebeba sakramenti. Wote wawili wanakufa. Bolt hakutuambia nani alikuwa na haki, na wale wanaotaka jibu la mwalimu juu ya kile kipande watangoja sana.

Alikufa tarehe 20 Februari 1995, akiwa na miaka 70.

Kwa kazi ya nyumbani, darasa la tano na la sita: andikeni ukurasa mmoja. Mgeni anaingia gerezani na kartasi na kalamu. Kwanza andikeni kama teatri, kwa mazungumzo. Kisha andikeni habari ileile kama sinario, bila neno hata moja kusemwa, na tuone wenyewe kama mkono umetiwa ao haukutiwa. Mniletee mbele ya siku ya Posho. Nafasi ya stensili ni ndogo, kwa hiyo tutapiga mbili tu zilizo bora katika namba inayokuja.